Usugu ni wa nani? Neno moja, ng'ombe wa Kajiado na polima za kuua bakteria

Ukisimama saa moja tu katika duka lolote la dawa pale Noonkopir, hasa jioni watu wanaposhuka matatu kutoka Nairobi na Athi River, utaisikia kauli hii ikirudiwa kwa sauti tofauti tofauti: "Hiyo dawa mwili wangu umeizoea. Nipe ile kali." Muuzaji habishi. Hunyoosha mkono hadi rafu ya juu, akachukua boksi jingine, akakata vidonge sita kwa makasi, biashara ikaisha.

Mimi si daktari wa tiba. Udaktari wangu ni wa isimu, na majirani zangu hapa Kitengela wameshajua kwamba ukiniletea swali la kikohozi utaondoka na somo la ngeli. Hata hivyo, kauli hiyo ina kasoro ya lugha kabla hatujafika kwenye tiba, nayo ni kasoro inayoua watu.

Kiima cha sentensi hiyo ni 'mwili'. Msemaji anatuarifu kwamba mwili wake ndio uliobadilika. Ni kweli kuna dawa ambazo mwili huzizoea, kwa mfano baadhi ya zile za kutuliza maumivu makali. Antibiotiki hazimo katika kundi hilo. Anayebadilika hapa ni bakteria aliyemo mwilini. Tofauti hii si ya wanasarufi kukunjiana ngumi tu. Kama ni mwili wangu uliozoea, basi hilo ni tatizo langu binafsi, na dawa iliyonishinda mimi itamfaa jirani yangu. Kama ni bakteria aliyeishinda dawa, basi bakteria huyo atatoka kwangu kupitia mkono, choo, maji au maziwa, aingie kwa mtoto wa jirani ambaye hajawahi kumeza kidonge hata kimoja, na dawa itamshinda mtoto huyo siku ya kwanza.

Sisi wasomi wa lugha nasi hatuna la kujivunia sana. Istilahi tuliyoizoeza umma ni 'usugu wa dawa'. Hebu itazame. Kihusishi hiki cha '-a' kina tabia ya kutazama pande mbili. 'Woga wa simba' ni woga alio nao simba, au ni woga tulio nao sisi tukimwona simba? Vivyo hivyo 'usugu wa dawa': anayesikia kwa mara ya kwanza atadhani dawa ndiyo iliyokuwa sugu, yaani imekomaa, imekuwa kali. Nimewahi kusikia mtu akiomba "dawa sugu" akimaanisha dawa yenye nguvu, na sikuona sababu ya kumcheka. Sarufi ilikuwa upande wake. Ndugu zetu wa Tanzania wametumia maneno mengi zaidi lakini wakakwepa mtego: wao husema 'usugu wa vimelea dhidi ya dawa'. Hapo mwenye usugu anajulikana, na anayepingwa anajulikana.

Neno 'sugu' lenyewe linafaa kuangaliwa. Sugu ni ile ngozi ngumu inayoota kiganjani mwa mshika jembe au kisiginoni mwa mtembea peku. Ni tamathali nzuri, ila nayo inapotosha kidogo. Sugu ya kiganja huota juu ya kiganja kilekile kilichokuwa laini jana. Bakteria mmoja mmoja hawakakamai hivyo. Mfano unaofaa zaidi uko karibu na sisi. Ukame uliofika kilele mwaka 2022 ulipopita Kajiado, uliua ng'ombe wengi mno, na waliotangulia kufa katika maboma mengi ni wale wa kigeni na machotara wao wanaohitaji majani mengi na maji mengi. Walioponea kwa wingi zaidi ni zebu wenye nundu. Ukiona boma limejaa zebu baada ya ukame, huwezi kusema kwamba Friesian wamezoea kiangazi wakaota nundu. Friesian walikufa, zebu walibaki wakazaana. Antibiotiki ni ukame kwa bakteria. Ukimeza vidonge vya siku mbili kisha ukaacha kwa sababu umepata nafuu, umeua wale dhaifu na kuwaachia malisho wale wagumu.

Wala kuzaana kwao si kwa mwaka hadi mwaka. *Escherichia coli*, bakteria wa matumbo anayejulikana kuliko wote, akipata mazingira mazuri hujigawa mara mbili kila baada ya dakika 20 hivi. Anza na mmoja jioni. Baada ya saa nane una zaidi ya milioni 16. Na hapo ndipo mfano wangu wa ng'ombe unapokwama, maana bakteria wana jambo ambalo ng'ombe hawana: wanaazimana. Chembe ya usugu huweza kukaa kwenye kipande kidogo cha DNA chenye umbo la pete, kiitwacho plasmidi, na bakteria mmoja humpa mwenzake kipande hicho hata kama si wa jamii moja. Ni kama zebu angeweza kumwazima Friesian nundu yake wakiwa zizini.

Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alilisema jambo hili mapema. Katika hotuba yake ya kupokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 alionya kwamba siku itafika penisilini itanunuliwa madukani na yeyote, na asiyejua atajitibu kwa kipimo kidogo mno na kuwazoeza vijidudu dawa. Yaani alilieleza duka letu la Noonkopir kabla halijajengwa. Utafiti mkubwa uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2022 ulikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu. Idadi hiyo inazidi ya waliouawa na Ukimwi mwaka huo, na inazidi ya waliouawa na malaria. Mzigo mzito zaidi kwa kila watu laki moja ulikuwa Afrika, kusini mwa Sahara.

Sio mambo ya mbali. Homa ya matumbo, ambayo wengi wetu tunaiita taifodi, ilichunguzwa kwa miaka mingi na watafiti wa KEMRI wakiongozwa na Prof. Samuel Kariuki. Mwaka 2010 walionyesha kwamba bakteria wa taifodi waliotawala hapa Kenya walikuwa wa ukoo mmoja uliopewa jina H58, ukoo uleule ulioenea Kusini Mashariki mwa Asia, nao ulikuwa umezishinda dawa za miaka yote: ampisilini, kloramfenikoli na kotrimoksazoli, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Septrin. Bakteria huyu hakuhitaji pasipoti. Ndiyo sababu Kenya ilianzisha chanjo ya taifodi kwa watoto mnamo Julai 2025. Kinga inapunguza haja ya dawa.

Kisha wako ng'ombe. Mfugaji wa Kajiado ana kabati lake la dawa nyumbani, na ndani yake utaikosa sukari lakini hutaikosa chupa ya oksitetrasaiklini, ambayo kila mtu huiita OTC. Daktari wa mifugo yuko mbali, agroveti iko karibu, na ng'ombe anayehema leo hatangoja Jumatatu. Simlaumu mfugaji. Uchunguzi uliofanywa kaskazini mwa Tanzania miongoni mwa Wamaasai, Waarusha na Wachaga, ukachapishwa mwaka 2017, ulionyesha picha hiyohiyo: Wamaasai walijitibia mifugo wenyewe kuliko majirani zao, na oksitetrasaiklini ikawa mbele ya dawa zote. Utafiti mwingine wa eneo hilo uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta bakteria sugu kwa watu, kwa mifugo, kwa wanyamapori na kwenye maji. Swara hajawahi kuingia agroveti. Mpaka wa Namanga pia si ukuta kwa kiumbe anayesafiri matumboni.

Sasa, ikiwa dawa za zamani zinazeeka upesi hivi, kwa nini wataalamu wasitengeneze mpya? Wanatengeneza, ila polepole, na nyingi kati ya zinazotoka ni ndugu wa zile za zamani. Bakteria anayemjua kaka humtambua na mdogo wake. Njia moja inayonivutia, na ambayo mwenzangu wa Idara ya Kemia amenivumilia kunieleza zaidi ya mara moja tukinywa chai, ni ya kutumia polima.

'Polima' ni neno la Kigiriki lililovaa kanzu ya Kiswahili: 'poly' ni nyingi, 'meros' ni sehemu. Unazijua polima hata kama hulijui neno. Karatasi za nailoni zilizopigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017 zilikuwa polima. Mtungi wa maji wa plastiki ni polima. Pamba ya shati lako, wanga wa ugali na DNA yenyewe, zote ni polima. Mwaka 1920 Mjerumani Hermann Staudinger alipodai kwamba vitu vya aina hii ni molekuli ndefu zilizofungamana kama mnyororo, wanakemia wengi walimpinga. Alipewa Nobel mwaka 1953.

Akina mama wanaouza mapambo kando ya barabara ya Namanga wangemwelewa Staudinger siku hiyohiyo. Polima ni uzi wa shanga. Shanga moja huitwa monoma. Ukirudia shanga ya rangi moja mara elfu unapata uzi wa namna moja. Ukichanganya nyekundu, buluu na nyeupe kwa mpango fulani unapata mkufu wenye maana yake. Mtunga shanga anajua kwamba rangi, mfuatano na urefu wa uzi ndivyo vinavyoamua mkufu utavaliwa na nani, siku gani. Mtengeneza polima anajua vivyo hivyo.

Wazo la kuzitumia kuua bakteria lilichochewa na chura, na tena chura wa bara letu. Mwaka 1987 Michael Zasloff, mtafiti wa Marekani, alikuwa akiwapasua vyura wa Afrika wenye makucha, *Xenopus laevis*, kwa ajili ya utafiti mwingine kabisa. (Chura huyuhuyu ndiye aliyetumika miaka ya nyuma hospitalini kupimia mimba, amewatumikia wanadamu kuliko wanavyomshukuru.) Zasloff aliwashona vyura wake na kuwarudisha katika maji machafu, akashangaa kwamba vidonda havikuoza. Ngozini mwao alikuta minyororo mifupi ya amino asidi, yaani peptidi, inayoua bakteria. Akaiita magainini, kutokana na neno la Kiebrania 'magen', ngao. Hata sisi binadamu tuna ngao za namna hiyo kwenye ngozi na matumbo.

Ngao hizi hazifanyi kazi kama antibiotiki nyingi. Antibiotiki ya kawaida ni ufunguo: huingia kwenye kitasa kimoja ndani ya bakteria na kukikwamisha. Bakteria akibadilisha kitasa, ufunguo haufai tena. Peptidi ya chura hubomoa ukuta. Utando unaomzunguka bakteria una chaji hasi kwa nje. Peptidi ina chaji chanya, kwa hiyo huvutwa kwake kama sumaku. Ikishafika, ile sehemu yake inayochukia maji na kupenda mafuta huzama ndani ya utando, kwa maana utando ni wa mafuta, na kuutoboa. Vilivyomo vinavuja, bakteria anakufa. Kubadilisha kitasa ni rahisi. Kubadilisha ukuta wote wa nyumba ni kazi.

Tatizo la peptidi ni kwamba kuzitengeneza ni ghali, na mwili huzikatakata upesi kama unavyokatakata nyama. Dawa iliyotokana na magainini, iliyoitwa pexiganani, ilikusudiwa kwa vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari. Mwaka 1999 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataa kuiidhinisha. Hapo wanakemia wakajiuliza: kama siri iko kwenye mchanganyiko wa chaji chanya na mapenzi ya mafuta, kwa nini tusitunge shanga zetu wenyewe, za bei nafuu, zisizokatwa ovyo, zenye tabia hizo mbili? Mwaka 2002 kundi la Gregory Tew na William DeGrado nchini Marekani lilichapisha polima zilizobuniwa kwa kusudi hilo, na tangu wakati huo maabara nyingi zimefuata.

Ningeishia hapa ningekuwa nimekuuzia mbuzi ndani ya gunia. Kuua bakteria kwa polima si jambo gumu hata kidogo. Jiki pia inaua bakteria. Kilicho kigumu ni kumwua bakteria na kumwacha mgonjwa.

Kiswahili kinatusaidia kuona ugumu huo, kwa bahati, kupitia neno 'dawa'. Tuna dawa ya kifua na dawa ya mende. Tuna dawa ya macho na dawa ya panya, dawa ya meno na dawa ya kusafisha choo. Lugha yetu imeweka kiponyaji na kiuaji katika chungu kimoja, na wageni wanaojifunza Kiswahili hushtuka. Mimi naona busara ndani yake. Kazi yote ya wanaobuni polima hizi ni kuivusha dawa ya mende hadi iwe dawa ya kifua.

Seli za mwili wetu zina bahati moja: upande wao wa nje karibu hauna chaji, na utando wao umekazwa kwa kolesteroli. Kwa hiyo polima yenye chaji chanya inazipita na kumtafuta bakteria. Lakini mizani ni nyembamba. Ukitunga uzi wenye shanga nyingi mno za chaji, utamshika bakteria bila kumtoboa. Ukizidisha shanga zinazopenda mafuta, uzi hautajali tena nani adui na nani rafiki. Utatoboa kila utando unaokutana nao. Uzi ukiwa mrefu sana nao huleta madhara zaidi. Minyororo mifupi aghalabu ina afadhali. Jinsi ya kupima ni rahisi kueleza. Chukua chembe nyekundu za damu, zichanganye na polima, kisha utazame maji yanavyogeuka mekundu. Wekundu huo ni hemoglobini iliyomwagika kutoka katika chembe zilizopasuka. Watafiti hutafuta kipimo kinachopasua nusu ya chembe hizo, wakakilinganisha na kipimo kidogo kabisa kinachozuia bakteria kukua. Pengo kati ya vipimo hivyo viwili likiwa mara mbili au tatu tu, polima hiyo hutupwa. Likiwa mara mamia, wanaanza kutabasamu.

Pengo hilo wenzetu wa sayansi wana jina lake, nami nimehangaika kulipatia Kiswahili. 'Uteuzi' linanikumbusha baraza la mawaziri. 'Ubaguzi' ndilo sahihi kimaana, kwa sababu polima nzuri ni ile inayobagua, lakini neno hilo limechafuliwa na historia na sitamlaumu mhariri akilikataa. Kwa sasa nasema 'uwezo wa kumtambua adui', maneno manne badala ya moja, hadi msomaji aniletee bora.

Neno la hatari zaidi, hata hivyo, ni 'salama'. Katika mazungumzo ya kawaida, kitu ni salama au si salama, basi. Katika kazi hii, 'salama' haina maana mpaka uulize: kwa kiasi gani, kwa muda gani, na mahali gani pa mwili? Iko polima iitwayo PHMB, ambayo imetumika kwa miaka mingi katika maji ya kuoshea lenzi za macho na katika bandeji za vidonda. Ina binamu yake, PHMG. Nchini Korea Kusini binamu huyo alitiwa kwenye vimiminika vya kusafishia mashine za kutia unyevu hewani, zile ambazo watu huwasha chumbani usiku wakati wa baridi. Vimiminika hivyo vilitangazwa kuwa salama hata kwa watoto. Lakini mashine iligeuza polima kuwa ukungu, ukungu ukavutwa hadi ndani kabisa ya mapafu, na mapafu yakakakamaa. Mwaka 2011, baada ya akina mama wajawazito kuanza kufika hospitalini wakishindwa kupumua, serikali iligundua chanzo na bidhaa zikaondolewa sokoni. Mamia ya watu walikufa, wakiwemo watoto wengi. Kitu hicho hakikuwahi kupimwa kwa njia ya pumzi. Walichokijua ni kwamba kinaua vijidudu.

Ndiyo maana juhudi za miaka ya karibuni haziangalii nguvu peke yake. Watafiti wa Singapore wakishirikiana na kampuni ya IBM, mwaka 2011, walionyesha polima zinazoangamiza bakteria sugu kisha zikavunjika zenyewe badala ya kujirundika mwilini. Hilo la kuvunjika ni muhimu kuliko linavyosikika. Mtu yeyote aliyeona mifuko ya plastiki ikining'inia kwenye miba ya migunga hapa Kitengela kabla ya 2017 anajua maana ya polima isiyojua kuondoka. Mwaka 2016 kundi la Shu Lam na Greg Qiao wa Chuo Kikuu cha Melbourne lilichapisha polima zenye umbo la nyota, zenye mikono 16 au 32, zilizotungwa kwa amino asidi za kawaida. Ziliwatibu panya walioambukizwa *Acinetobacter* sugu, bakteria anayesumbua sana vyumba vya wagonjwa mahututi, na bakteria hao hawakupata usugu dhidi yake hata baada ya vizazi 600 katika maabara.

Vizazi 600 ni vingi. Kwa kiumbe anayejigawa kila nusu saa, ni chini ya wiki mbili.

Nasema hivyo kwa sababu liko somo la kolistini, nalo linawahusu wafugaji moja kwa moja. Kolistini ni dawa ya zamani, iliyoanza kutumika miaka ya 1950. Nayo ina chaji chanya na hushambulia utando, kama peptidi za chura. Iliachwa kwa kiasi kikubwa kwa kuwa inaumiza figo, kisha ikarudishwa kama tegemeo la mwisho dawa nyingine ziliposhindwa. Wengi waliamini kwamba usugu dhidi yake hautaenea kirahisi, kwa maana nani atabadilisha ukuta? Lakini ilikuwa ikitiwa katika chakula cha nguruwe. Novemba 2015 watafiti wa China walitangaza kwamba wamepata, kwa nguruwe na kwa watu, chembe ya usugu iitwayo mcr-1, nayo ilikuwa juu ya plasmidi, tayari kuazimwa. Chembe hiyo humsaidia bakteria kupunguza chaji hasi ya utando wake ili sumaku isishike. Hakujenga ukuta mpya. Aliupaka rangi tu. Kwa hiyo mtu akikuambia polima haziwezi kuzoewa na bakteria, mwulize kama amesikia habari za kolistini.

Msomaji wa Noonkopir asiende leo dukani kuulizia polima. Nyota za Melbourne hazijawa kidonge wala sindano; ziko safarini kutoka kwa panya kwenda kwa mtu, na safari hiyo huchukua miaka, na nyingi huishia njiani kwenye figo au kwenye ini. Zikifika, huenda zitaanzia kwenye bandeji, kwenye mirija ya hospitali na kwenye marhamu ya vidonda, ambako hazihitaji kuingia damuni.

Dawa tulizo nazo ndizo tutakazotumia kwa muda huo wote, na hapa narudi kwenye eneo langu la kazi. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Nenda ukasome kijikaratasi kilichomo ndani ya boksi la antibiotiki. Utakuta Kiingereza, labda Kifaransa au Kiarabu, kwa herufi ambazo mtu wa umri wangu anazihitaji miwani miwili. Kwenye bahasha ndogo ya khaki utakuta '1x3' iliyoandikwa kwa kalamu. Mgonjwa mmoja husoma kwamba ameze kimoja mara tatu kwa siku. Mwingine husoma kwamba ameze kimoja kwa siku tatu. Wote wawili wamesoma ishara sawasawa. Chupa ya OTC ya ng'ombe nayo inaeleza siku ambazo maziwa hayapaswi kunywewa baada ya sindano, kwa lugha ambayo bibi anayekamua ng'ombe huyo hakufundishwa. Sentensi tano za Kiswahili, na nyingine tano za Kimaa, hazihitaji maabara ya Melbourne.

Na muuzaji wa dawa angeweza kubadilisha sentensi moja tu. Mteja akisema "mwili wangu umeizoea", amjibu: "Mwili wako haujazoea. Kama dawa imeshindwa, labda bakteria ndiye ameishinda, au labda huna bakteria kabisa. Nenda upimwe." Hilo la pili si mzaha. Antibiotiki haina kazi kwa mafua, ambayo sisi Wakenya tunayaita homa na kuwachanganya Watanzania, kwa sababu mafua huletwa na virusi. 'Kiuavijasumu', neno ambalo wengi wetu tunalitumia badala ya antibiotiki, limeundwa kwa ustadi, kwa mtindo ule wa 'kipimajoto' na 'kinasasauti', lakini lina udhaifu: asiye mtaalamu huona 'sumu' ndani yake na kudhani linaua uchafu wowote ulio mwilini. Nalipenda neno hilo, ila anayelitumia kwa umma aongeze kila mara kwamba linahusu bakteria, si virusi.

Nimalizie na swali ambalo wanafunzi wangu huniuliza kila ninapoitaja mada hii: polima iko ngeli gani? Ni I-ZI, kama nomino nyingi za mkopo: polima hii imevunjika, polima hizi zimevunjika. 'Mapolima' nimeiona mahali, na sioni haja yake. 'Bakteria' wengine huiweka I-ZI na wengine A-WA. Mimi humweka A-WA, kwa kuwa ni kiumbe hai.